Moyo wa Mtoto na Udongo wa Shamba

Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto, uketi nami kidogo.

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Leo nataka kukupa historia. Ni historia ya ugonjwa uliokuwa ukiua watoto na mama zao, na watu wakakaa karibu miaka 40 bila kujua namna ya kuuzuia. Mwishowe ilibainika kwamba haukutoka kwa mchawi, wala kwa laana, wala kwa uzembe wa mama. Chanzo chake kikubwa kilikuwa udongoni.

Nakueleza haya kwa sababu hapa kwetu pia, mtoto akivimba miguu au akidhoofika, kidole cha kwanza huelekezwa kwa mama. Utasikia: amevunja mwiko, amemwachisha ziwa mapema, ametoka nje ya ndoa. Naye mama hulia peke yake usiku. Basi sikiliza yaliyowapata mama wengine, mbali sana na hapa.

Twende Uchina, mwaka 1935. Kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, katika mkoa wa Heilongjiang, kuna wilaya iitwayo Keshan. Ni sehemu ya baridi kali. Mwaka huo ulizuka huko ugonjwa wa ajabu. Mgonjwa alihisi kifua kimebana, akatapika, mikono na miguu ikawa baridi, na moyo ukapiga ovyo. Wengine walikufa kabla ya siku mbili kupita. Wengine waliugua polepole: pumzi ilikuwa fupi, miguu ilivimba, na hata kutembea hadi mlangoni ikawa kazi. Madaktari walipochunguza maiti waliona kwamba moyo umepanuka, na nyama ya moyo ina mabaka yaliyokufa na makovu. Kwa kuwa hawakujua sababu, waliupa ugonjwa jina la mahali. Ukaitwa ugonjwa wa Keshan.

Lakini ugonjwa huu haukushika watu ovyo ovyo. Uliwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 10, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tena uliwapata watu wa mashambani, familia za wakulima waliokula kile walichovuna wenyewe na karibu hawakula kingine. Watu wa mjini, walionunua chakula kutoka sehemu mbalimbali, walisalimika. Jambo hilo liweke moyoni, tutalirudia.

Watu walidhani mengi. Kuna walioshuku baridi, kwa sababu huko kaskazini wagonjwa waliongezeka majira ya baridi. Lakini ugonjwa ulionekana pia kusini magharibi mwa Uchina, na huko ulizidi wakati wa joto. Basi baridi peke yake haikuweza kuwa sababu. Kuna walioshuku sumu. Kuna walioshuku vijidudu. Miaka ikapita, vita vikaja na kwisha, na watoto wakaendelea kuzikwa.

Fununu ya kweli ilitokana na mambo mawili. La kwanza ni ramani. Wataalamu walipoweka alama kila mahali palipokuwa na ugonjwa, alama zile zilifanya ukanda mrefu, kutoka kaskazini mashariki hadi kusini magharibi mwa nchi. Ukivuka ukanda huo upande huu au ule, ugonjwa hupati. La pili ni mifugo. Katika sehemu hizo hizo wanyama nao walikuwa na ugonjwa wa misuli. Na ugonjwa wa namna hiyo ulikwisha kujulikana kwingineko. Mwaka 1958 watafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba wana-kondoo wenye misuli inayodhoofika na kupauka wanaweza kukingwa kwa madini yanayoitwa seleni.

Huenda hujawahi kulisikia jina hilo, seleni. Basi tulieleze kidogo.

Seleni iligunduliwa mwaka 1817 na mtaalamu wa kemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius. Aliipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la mwezi. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyedhani kwamba madini haya yana faida yoyote mwilini. Yalijulikana kuwa sumu. Katika miaka ya 1930 huko Marekani iligunduliwa kwamba ng'ombe na farasi waliokula majani yaliyoota kwenye udongo wenye seleni nyingi walinyonyoka manyoya na kuharibika kwato. Kwa hiyo mwaka 1957, mtafiti Klaus Schwarz alipotangaza pamoja na mwenzake kwamba seleni kidogo sana huzuia ini la panya lisioze, ilikuwa habari ya kushangaza. Kitu kilichoitwa sumu kilikuwa pia hitaji la mwili.

Sasa utauliza: seleni hufanya kazi gani mwilini? Yenyewe peke yake haifanyi kazi kubwa. Huingizwa ndani ya protini fulani, nazo protini hizo ndizo zinazofanya kazi. Mwaka 1973 ilijulikana protini ya kwanza ya namna hiyo kwa wanyama. Ni kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidasi. Usijisumbue na jina. Fikiria jiko la makaa. Jiko linapowaka hutoa joto la kupikia, lakini pia hurusha cheche. Mwili nao unapochoma chakula ili upate nguvu, hutoa vitu vikali kama cheche, vinavyoweza kuunguza nyama ya mwili wenyewe. Kimeng'enya hiki ni mmoja wa wazima cheche. Na moyo ni jiko lisilozimwa, mchana na usiku, tangu mtoto akiwa tumboni. Wazima cheche wakipungua, moyo huweza kuumia.

Jambo la ajabu zaidi ni jinsi protini hizi zinavyojengwa. Protini za mwili hujengwa kwa vipande vidogo, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Vitabu vilizoea kuhesabu aina 20 za matofali hayo. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, mama mmoja aitwaye Thressa Stadtman, pamoja na wenzake, waliitambua aina nyingine yenye seleni ndani yake, ambayo sasa huhesabiwa ya 21. Mwili unapojenga protini ya seleni, hufuata ramani kama fundi. Akifika mahali fulani kwenye ramani hukuta alama ambayo kwa kawaida humwambia: simama, kazi imekwisha. Lakini kwenye protini hizi, alama hiyo humwambia aweke tofali la seleni na kuendelea. Seleni isipokuwapo, fundi husimama hapo hapo, na nyumba hubaki nusu. Mwaka 2003 wataalamu walihesabu kwamba mwanadamu ana jeni 25 za kutengeneza protini za namna hii. Nyingine hulinda chembe za mwili, nyingine husafirisha seleni, na nyingine husaidia tezi ya shingoni, ambayo tutaifikia.

Turudi Uchina. Je, ni kweli ukosefu wa seleni ndio uliokuwa ukiua watoto? Kushuku si kujua. Ilibidi kupima.

Mwaka 1974, katika wilaya ya Mianning, mkoa wa Sichuan, watoto wa miaka 1 hadi 9 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kidonge chenye seleni mara moja kwa wiki. Kundi la pili lilipewa kidonge kinachofanana nacho, lakini kisicho na dawa. Sikiliza hesabu yake. Kati ya watoto 3,985 wasiopata seleni, 54 walipata ugonjwa wa Keshan mwaka huo. Kati ya watoto 4,510 waliopata seleni, walioupata ni 10. Mwaka 1975 wakarudia. Wasiopata seleni walikuwa 5,445, wakaugua 52. Waliopata walikuwa 6,767, wakaugua 7.

Baada ya hapo haikuwa haki tena kumnyima mtoto yeyote. Mwaka 1976 wote walipewa. Kati ya watoto 12,579 waliugua 4 tu. Mwaka 1977 walikuwa watoto 12,747, na hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo.

Nataka usimame hapo kidogo, mama. Fikiria mama wa Mianning aliyemzika mtoto wake mwaka 1970. Alifanya kila awezalo. Alipalilia, alivuna, alipika, alimlisha mtoto akashiba. Chakula kilikuwapo, na tumbo lilijaa. Lakini udongo wa shamba lile haukuwa na kitu kidogo sana ambacho macho hayakioni, na kisichokuwamo udongoni hakiwezi kuingia kwenye mahindi. Kosa la mama huyo lilikuwa wapi? Hapakuwa na kosa.

Hata hivyo, bado kulikuwa na fumbo. Mbona ugonjwa ulipanda na kushuka kwa majira, hali udongo ni ule ule mwaka mzima? Jibu lilitokana na virusi. Wataalamu wa Uchina walikuta aina ya virusi viitwavyo Coxsackie katika baadhi ya wagonjwa. Katika miaka ya 1990 mtafiti Melinda Beck wa Marekani na wenzake walifanya jaribio kwa panya. Panya waliokula chakula kisicho na seleni waliambukizwa virusi vya Coxsackie ambavyo kwa kawaida havidhuru moyo. Ndani ya panya hao virusi vilibadilika, vikawa vikali. Vilipohamishiwa kwa panya wenye afya na seleni ya kutosha, vikaharibu mioyo yao pia. Kwa maneno mengine, mwili usio na lishe kamili unaweza kumlea adui akawa mkali zaidi, hata kwa jirani. Lishe ya mtoto wa jirani yako si shauri lake peke yake.

Sasa tukaribie nyumbani. Kaskazini mwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kulikuwa na sehemu zenye goita nyingi, yaani rovu, ule uvimbe wa shingo. Wapo watoto waliodumaa mwili na akili. Sababu kubwa ilikuwa ukosefu wa iodini. Lakini seleni nayo ilikuwa haba katika miili yao.

Hapa ndipo penye ile kazi ya tezi. Tezi ya shingo hutumia iodini kutengeneza homoni ya kukuza mwili na ubongo. Homoni hiyo ikitoka kwenye tezi, sehemu kubwa ni kama mahindi ambayo hayajasagwa. Lazima ipite kwenye posho mill ndipo itumike. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba kinu hicho ni protini yenye seleni. Basi mtu angedhani kwamba ukiwapa watoto wale seleni, watapata nafuu. Walipewa. Lakini wale ambao tezi zao zilikuwa zimekwisha kudhoofika kwa kukosa iodini, homoni yao ilishuka zaidi. Kwa nini? Kwa sababu kinu kilipata nguvu kikasaga haraka mahindi machache yaliyobaki ghalani, na ghala halikuwa na kitu cha kujazia. Funzo lake ni kwamba penye upungufu wa iodini, iodini hutangulia. Na hata kitu kizuri kikitolewa bila mpango wa mganga anayejua, chaweza kudhuru.

Na kikizidi je? Turudi tena Uchina, nchi ile ile. Wilayani Enshi, mkoa wa Hubei, mambo yalikuwa kinyume. Huko kuna makaa ya mawe yenye seleni nyingi mno, na udongo wa mashamba ukanyonya seleni hiyo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ukame uliharibu mpunga. Watu wakategemea mahindi na mboga za udongo ule. Nywele zikanyonyoka na kucha zikang'oka. Katika vijiji vilivyoathirika zaidi, karibu nusu ya watu waliugua. Nchi moja, madini yale yale. Huku watoto walikufa kwa kuyakosa, kule watu walinyonyoka nywele kwa kuyapata kupita kiasi.

Ndiyo maana nakuomba, usikimbilie vidonge. Siku hizi kuna watu wanaopita sokoni na kwenye matatu wakiuza chupa za madini na vitamini, wakidai zinaponya kila kitu. Sikiliza habari moja kutoka Malawi. Wataalamu waliona kwamba watoto wenye kwashakoo huwa na upungufu wa vitu vinavyozima zile cheche nilizokueleza, seleni ikiwa mojawapo. Wakajiuliza: je, tukiwapa unga wenye vitu hivyo mapema, tutazuia kwashakoo? Watoto 2,372 wa miaka 1 hadi 4 wakaingizwa kwenye utafiti. Wengine walipewa unga wenye seleni, vitamini E na vitu vingine, wengine unga usio na kitu, kwa muda wa wiki 20. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Unga ule haukuzuia kwashakoo. Kilichofaa Mianning hakikufaa Malawi, kwa sababu tatizo halikuwa moja.

Huko huko Malawi wataalamu wamepima mahindi na kuona kwamba sehemu kubwa ya nchi mahindi yana seleni haba, lakini katika bonde la mto Shire, penye udongo wa aina nyingine, yana seleni zaidi. Punje ni zile zile kwa macho. Tofauti ni shamba.

Basi wewe mama wa Kenya ufanye nini? Kwanza ujue kwamba mwili unahitaji seleni kidogo mno. Chukua gramu 1, kama uzito wa punje mbili tatu za maharagwe. Igawanye mara milioni moja. Mama mjamzito anahitaji vipande 60 tu kwa siku, anayenyonyesha 70, na mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji 20. Kiasi hicho hupatikana kwenye chakula, bila kidonge, ikiwa chakula kinachanganywa.

Samaki ana seleni, na omena ni samaki. Yai lina seleni. Nyama, kuku, ini na figo zina seleni. Mahindi, maharagwe na nafaka nyingine zina seleni pia, lakini kulingana na udongo zilikoota. Kwa hiyo usitegemee ugali wa shamba moja na mboga ya shamba hilo hilo mwaka mzima ikiwa unaweza kuepuka. Ukiuza mayai kumi, bakiza mawili ya watoto. Ukipata omena wa shilingi chache, watwange uweke kwenye uji au ugali wa mtoto aliyeanza kula. Badilishana na jirani, wewe umpe ndengu, yeye akupe samaki. Wale watu wa mjini nilikuambia uwaweke moyoni walisalimika hivyo: chakula chao kilitoka kwenye udongo tofauti tofauti. Na mama anayenyonyesha asiachiwe mabaki, kwa maana seleni ya mtoto mchanga hutoka kwenye maziwa yake.

Pili, tumia chumvi yenye iodini. Chumvi inayouzwa madukani hapa Kenya inatakiwa kisheria iwe nayo. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na unyevu.

Tatu, jua dalili za moyo uliochoka. Mtoto anayetoka jasho na kuhema akinyonya, mtoto mwenye pumzi ya haraka hata akilala, midomo inayogeuka bluu, miguu au uso unaovimba, mtoto ambaye jana alicheza na leo hawezi kutembea: huyo si wa kupelekwa kwa muuza chupa. Mpeleke zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Magonjwa ya moyo yana sababu nyingi, na ni mganga aliyempima atakayejua ni ipi. Wewe mama mwenye mimba, au uliyejifungua karibuni, ukikosa pumzi ukilala chali au ukivimba miguu ghafla, nenda wewe pia. Usingoje mtoto akue.

Katika sehemu za Uchina nilizozitaja, ugonjwa wa Keshan umepungua mno tangu miaka ya 1980. Seleni ilisaidia, na barabara na masoko yakasaidia pia, kwa sababu watu walianza kula chakula kilichotoka mashamba ya mbali. Sahani ilipobadilika, mioyo ya watoto ilipona.

Na wewe unayemnyooshea mama mwenzako kidole kwa sababu mtoto wake amevimba, ushushe. Mshike mkono, mwende naye kliniki, na mkirudi mpitie kwako mpate yai moja la mtoto.